Simu ya "8GB": nne zako, nne za kuazima

Ukipita Luthuli Avenue, katikati ya Nairobi, au maduka ya Kawangware na Kangemi upande wa magharibi, utaona simu za bei nafuu zilizoandikwa "4GB+4GB", au "8GB" kwa herufi kubwa. Wengi wetu huku Pwani humtuma jamaa aliye Nairobi atununulie huko, basi tuelewe tunanunua nini.

Simu ina memori za aina mbili. RAM ni kama meza ya fundi cherehani: kazi hufanyika hapo, na simu ikizimwa meza huwa tupu. Hifadhi ni kabati: picha na nyimbo hubaki humo. Ile "+4GB" si meza. Ni rafu iliyoazimwa kabatini, na kabati ni zito kuliko meza. Kwa hivyo 4+4 haiwi sawa na 8GB kamili, na nafasi ya picha zako hupungua.

Kabati zenyewe pia hazilingani. Simu nyingi za bei ya chini zina eMMC, ambayo haisomi na kuandika kwa pamoja; kikomo chake ni MB 400 kwa sekunde. UFS hufanya yote mawili kwa wakati mmoja, na UFS 4.0, iliyotangazwa 2022, husoma hadi MB 4,200.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aizime RAM ya kuongezwa kwenye mipangilio, kisha aiwashe simu upya. Itakayobaki ndiyo unayonunua. Akikataa, ingia duka la pili.