Bei ya Shati na Mshahara wa Mshonaji

Novemba 2013, miezi saba baada ya jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza kuporomoka karibu na Dhaka, Bangladesh, na kuua watu 1,134, kampuni ya nguo ya H&M ya Sweden ilitangaza kuwa ifikapo 2018 utaratibu wa kulipa mshahara wa kutosha kuishi ungewafikia washonaji wapatao 850,000 katika viwanda vinavyoiuzia nguo. Mshahara huo ni ule unaolipia chakula, kodi ya nyumba, matibabu na shule ya watoto kwa saa za kawaida za kazi, bila mama kukesha kwenye cherehani. Mwaka 2018 ulipowadia, kampuni ilihesabu viwanda vilivyokuwa na utaratibu wa kupanga mishahara. Fedha mkononi ni habari nyingine: kufikia Desemba 2023 kima cha chini kwa washonaji wa Bangladesh kilikuwa taka 12,500 za huko kwa mwezi, takriban dola 113, ilhali vyama vya wafanyakazi vilidai 23,000.

Kampuni hujitetea kwamba mwajiri ni mwenye kiwanda. Kwenye makaratasi ni kweli. Lakini mwenye kiwanda hulipa kutokana na bei anayopewa na mnunuzi, na akiikataa, oda huenda kwa jirani. Mwaka 2020, korona ilipofunga maduka ya Ulaya na Marekani, wanunuzi wengi walifuta hata oda za nguo zilizokwisha kushonwa, na washonaji wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye nguvu kiasi hicho hawezi kusema mshahara haumhusu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kampuni ikipandisha bei peke yake itazidiwa na washindani. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu ahadi ya kampuni mojamoja haitoshi. Dawa imekwisha kujaribiwa hukohuko Bangladesh: kuanzia Mei 2013, kampuni zaidi ya 200 zilitia saini na vyama vya wafanyakazi mkataba wa usalama wa viwanda unaozibana kisheria. Mbili ziliposuasua, vyama vilizishtaki kwenye usuluhishi The Hague, na Januari 2018 moja ikakubali kulipa dola milioni 2.3, nyingi zikiwa za kukarabati viwanda. Mkataba wa mshahara uandikwe vivyo hivyo: gharama ya ushonaji itajwe peke yake katika kila oda, isiguswe wakati wa kupatana bei, na mshonaji awe na pa kudai asipolipwa.