Besi Huchaguliwa kwa Shingo, Si kwa Jina

Mtu anapoingia dukani kununua gitaa la besi, macho yake hukimbilia mambo mawili: rangi ya kiwiliwili na jina lililoandikwa kichwani. Hayo yote mawili hayampunguzii mpigaji kazi. Besi hushikwa saa nyingi mfululizo ukumbini, hubeba kwaya nzima kanisani, na hushikamana na dramu ili mcheza dansi ajue mguu uende wapi. Chombo cha namna hiyo hukaguliwa sehemu kwa sehemu, na sehemu ya kwanza ni shingo.

Sababu ni kwamba vitu vingine karibu vyote hubadilishika. Nyuzi hubadilishwa, pikapu, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, hubadilishwa, daraja hubadilishwa, na rangi hupakwa upya. Shingo iliyojisokota haina tiba ya bei nafuu, na mara nyingi gharama ya kuinyoosha huzidi thamani ya besi yenyewe.

Mifano miwili ya kuanzia

Anayetaka kulinganisha besi aanze na mbili ambazo watengenezaji wa dunia nzima wamekuwa wakizinakili. Ya kwanza ni Precision Bass, iliyotolewa na Leo Fender huko Fullerton, California, mwaka 1951. Kabla yake, mpiga besi wa dansi alibeba dabalbesi, chombo kirefu kuliko yeye mwenyewe, ambacho sauti yake ilianza kumezwa na magitaa ya umeme. Besi ya Fender ilikuwa na freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, hivyo mpigaji alibonyeza na kupata noti iliyo sawa. Ndiyo besi ya umeme ya kwanza kuuzwa kwa wingi.

Mwaka 1957 Precision ilipewa pikapu iliyogawanywa vipande viwili, kimoja cha nyuzi nene na kingine cha nyuzi nyembamba. Vipande hivyo vimepangwa kinyume, kwa hiyo mvumo wa umeme unaoingia kimoja hufutwa na unaoingia kingine. Sauti yake ni nzito na imara, na hukaa chini ya magitaa bila kugombana nayo. James Jamerson, mpiga besi wa Motown mjini Detroit, alirekodi nyimbo nyingi mno kwa Precision ya mwaka 1962, akitumia nyuzi laini ambazo hakupenda kuzibadilisha.

Ya pili ni Jazz Bass ya mwaka 1960. Hii ina pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi. Pale kwenye kidaraja cha juu, nyuzi zinapoingia kichwani, shingo ya Jazz ina upana wa milimita 38 hivi. Precision nyingi za siku hizi zina 41 au 42. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye rula, lakini mwenye vidole vifupi ataijua kabla wimbo wa pili haujaisha. Pikapu ya nyuma, iliyo karibu na daraja, huipa kila noti ncha, na ndiyo iliyosikika katika upigaji wa Jaco Pastorius, aliyetumia Jazz iliyong'olewa freti.

Jazz ina kasoro yake. Pikapu moja ikifunguliwa peke yake hunasa mvumo. Zote mbili zikifunguliwa sawasawa, mvumo hujifuta. Jambo hili lina uzito kwetu, kwani umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi wa E iko hezi 49. Mvumo huo unaangukia katikati ya eneo la besi, na kwenye ukumbi usio na waya wa ethi wa kuaminika hautajificha.

Ipi imfae nani? Katika rumba ya Kongo, sebene inapoanza, besi huacha kutembea na kuanza kuruka, na kila noti lazima itoke peke yake. Huko Jazz hufanya kazi vizuri, kama inavyofanya kwenye benga, ambako besi hukimbia bila kupumzika. Kwaya yenye sauti nne na kinanda huhitaji zaidi msingi mnene usioingia njiani mwa waimbaji. Huko ningeshika Precision. Anayepiga kila mahali atafute besi yenye pikapu ya Precision mbele na ya Jazz nyuma. Zipo nyingi, za bei ya chini pia, zikiwemo za Squier, jina ambalo Fender hulitumia kwa vyombo vyake vya bei nafuu, na za Yamaha.

Besi hizo zote kwa kawaida zina nyuzi zenye urefu wa inchi 34, kutoka kidaraja cha juu hadi daraja la chini. Kijana au mtu mwenye mikono mifupi aulizie za inchi 30. Höfner ya umbo la fidla aliyoinunua Paul McCartney mjini Hamburg mwaka 1961 ni ya aina hiyo. Nyuzi zake hukaa kwa ulegevu kidogo na sauti huwa ya mviringo, ingawa uzi wa E hupoteza ukali fulani.

Kukagua shingo

Keti, weka besi pajani kama unavyopiga, na hakikisha nyuzi ziko kwenye sauti yake. Kwa mkono wa kushoto bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza. Kwa mkono wa kulia bonyeza uzi uleule mahali shingo inapokutana na kiwiliwili. Uzi sasa umenyooka juu ya shingo yote na unaweza kuipima. Tazama freti ya 7 au ya 8. Kati ya uzi na freti panatakiwa mwanya mdogo sana, unaokaribia unene wa kadi ya jina. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo imepinda kwa nyuma na nyuzi zitakoroma. Mwanya ukipitisha sarafu, shingo imeinama mbele na vidole vitachoka mapema.

Hali hizo mbili zinatibika. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma ambayo fundi huikaza au kuilegeza, robo mzunguko kwa wakati mmoja, kisha akasubiri mti utulie. Mwombe muuzaji akuonyeshe kwamba fimbo hiyo bado inazunguka. Iliyokwisha kukazwa hadi mwisho haina akiba tena.

Kisichotibika kwa urahisi ni msokoto. Inua besi, weka jicho nyuma ya kichwa na utazame kuelekea darajani. Ukingo wa upande wa uzi wa E na ukingo wa upande wa uzi wa G vinatakiwa viende sambamba. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, irudishe kwa upole na uagane na muuzaji.

Halafu pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Freti zinazokwaruza zinaonyesha kwamba mti umekauka na kusinyaa. Fundi anaweza kuzipiga tupa. Mijini pwani shida ni nyingine: unyevu na chumvi huleta kutu kwenye nyuzi, skrubu za daraja na tundu la jeki, kwa hiyo vichunguze vyote.

Sasa piga kila noti, freti kwa freti, uzi kwa uzi, bila haraka. Kwenye besi nyingi za mtindo wa Fender, noti za uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7 hufa mapema kuliko jirani zake. Kama tofauti ni ndogo, ivumilie; kama noti inazimika kabisa, tafuta besi nyingine. Mwisho, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upate ile sauti ya kengele, kisha bonyeza freti hiyohiyo. Tyuna inatakiwa isome noti ileile mara zote mbili. Zikitofautiana, skrubu za daraja hurekebisha.

Usiondoke bila kuvaa mkanda na kusimama. Besi nyingi zina uzito wa kilo 3.5 hadi 4.5. Achia mikono: kichwa kikizama kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakuwa ukibeba shingo usiku kucha badala ya kupiga.

Betri na uzi wa tano

Mwaka 1976 besi ya StingRay ya Music Man ilisambaza mtindo wa kuweka ndani ya gitaa saketi inayokuza sauti kwa betri ya volti 9. Saketi hiyo humpa mpigaji uwezo wa kuongeza uzito na ukali akiwa jukwaani. Ina masharti pia. Betri ikikaribia kwisha sauti hupasuka, na kwenye besi nyingi jeki iliyoachwa imechomekwa huendelea kuila. Ukiichagua, hakikisha unaweza kupiga hata saketi ikizimwa.

Besi ya nyuzi tano huongeza uzi wa B wenye hezi 31 hivi, chini ya E yenye 41. Nyimbo nyingi za kuabudu za sasa zinautumia. Kabla ya kuilipia, piga uzi huo kwa nguvu: kama unatikisika na noti haitambuliki, umepewa unene wa shingo bila faida. Spika ya simu haitoi sauti za chini kiasi hicho, kwa hiyo video ya dukani haiwezi kukuamulia.

Amplifaya

Sikio la binadamu husikia sauti za chini kwa shida, ndiyo maana besi hudai nguvu kubwa kuliko gitaa la solo. Hata hivyo, kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Ili sauti isikike imekuwa maradufu, zinahitajika wati mara kumi hivi. Kwa hiyo usilipe pesa nyingi ili utoke wati 200 hadi 300. Itazame spika zaidi.

Kuna makosa mawili yanayounguza vyombo. La kwanza ni kuchomeka besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa na kufungulia sauti hadi mwisho. Spika yake haikujengwa kwa mwendo huo. La pili ni kuunganisha spika bila kuhesabu omu. Kabati mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya nyingi zinavumilia hapo. Mbili za omu 4 huwa omu 2, na amplifaya isiyotengenezwa kwa mzigo huo inaweza kuungua. Mahali penye miksa na spika kubwa, boksi la DI hutosha: hupeleka sauti ya besi kwenye miksa kwa waya mrefu bila kuingiza mvumo.

Uamuzi

Kwa besi ya kwanza, chukua ya nyuzi nne, isiyotumia betri, yenye pikapu ya Precision, peke yake au pamoja na ya Jazz. Usimalize fedha zote hapo. Bakiza za nyuzi mpya, mkanda mpana, waya imara na malipo ya fundi atakayeinyoosha na kuirekebisha. Besi ya bei ya kati iliyopita mikononi mwa fundi mzuri huishinda ya bei ghali iliyotolewa kwenye boksi bila kuguswa.

Nina ombi kwa kamati za kwaya na viongozi wa bendi, ambao mara nyingi ndio wenye mfuko. Msimwagizie mpigaji besi kwa picha. Mpelekeni dukani, mumpe muda wa kuishika na kuipiga kabla fedha hazijatoka, kwa sababu yeye ndiye atakayefanya kazi na shingo hiyo kwa miaka mingi.