Meza ya Seremala Yenye Magurudumu

Wanachama wengi wana banda dogo nyuma ya nyumba ambamo hutengenezwa ngazi za kuchumia, masanduku, milango ya ghala, na kila kitu kivunjikacho baina ya msimu na msimu. Banda lenyewe aghalabu halizidi futi 10 kwa futi 12. Zamani mlikuwamo msumeno, randa, tezo, patasi na keekee, na zote zilienea katika kikapu kimoja. Siku hizi mtu hununua msumeno wa umeme, kisha mashine ya kutobolea, kisha ya kupigia msasa, na mwisho wake mwenyewe hana pa kusimama. Twataka kueleza namna ya kuziweka mashine hizo juu ya meza moja inayosukumwa. Tutaieleza kama inavyopasa kutengenezwa kwa Msimbati, maana meza itakayofaa Msimbati itafaa popote visiwani kwetu.

Msimbati ni kijiji kilicho kwenye rasi, kusini kabisa ya pwani ya Tanzania, upande wa Mtwara, karibu na Mto Ruvuma unapoingia baharini. Wengi wamelisikia jina lake kwa ajili ya gesi iliyogunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Lakini kwa seremala mambo makubwa ya mahali pale ni mchanga ulio chini ya miguu na chumvi iliyo katika upepo. Mafundi wa pwani ile tangu zamani hawakuwa na haja kubwa ya karakana. Mwunda jahazi huzipeleka zana penye chombo, kwani chombo hakipelekwi penye zana. Na mchongaji wa Kimakonde hukaa chini akakishika kipande cha mpingo kwa miguu yake, basi miguu ndiyo jiriwa. Mashine ndizo zilizoleta taabu, kwa kuwa ni nzito, zahitaji umeme, na haziwezi kulala nje.

Wenzetu wa nchi nyingine walikutana na taabu hiyo mapema. Huko Marekani, Hans Goldschmidt alitengeneza mashine iitwayo Shopsmith, iliyoanza kuuzwa mwaka 1947, ambayo mota yake moja hukata, hutoboa, hukereza na kupiga msasa. Ni kitu cha ajabu, lakini hatumshauri mwanachama kuifuata njia hiyo. Mota moja ikiungua kazi zote tano zimesimama, na vipuri viko mbali. Afadhali kila mashine iwe na mota yake, na kinachounganishwa kiwe meza tu.

Sasa magurudumu. Wengi hununua vigurudumu vidogo vinne vya kuzunguka, kama vya kitanda cha hospitali, wakavifunga chini ya miguu ya meza. Juu ya sakafu ya saruji vitakwenda. Juu ya mchanga vitazama siku ya kwanza, na hata juu ya saruji meza itacheza unaposukuma ubao kwenye msumeno, jambo ambalo ni la hatari. Mkokoteni watufundisha vizuri zaidi. Tumia magurudumu mawili tu, mapana, ya upepo, kama ya toroli, yenye kipenyo cha inchi 14 hivi. Yafunge upande mmoja wa meza, nje ya miguu, ili ekseli iwe mbali na miguu kiasi cha inchi 8. Upande wa pili weka mishikio miwili.

Siri ya kazi yote iko katika urefu wa ekseli. Meza ikisimama kwa miguu yake minne, magurudumu yasiguse chini; yaachwe juu kwa nusu inchi. Hapo unapofanya kazi meza imekaa juu ya mbao tupu na haina mpira wa kuirusharusha. Ukishika mishikio na kuinua upande wako inchi 3 hivi, meza hulala kidogo, magurudumu hugusa chini, na ukiinua zaidi miguu ya upande wa pili nayo huondoka. Basi wasukuma kama toroli. Hakuna breki ya kununua wala ya kusahau. Kwa mchanga, pigilia chini ya kila mguu kibao kipana cha inchi 6 kwa 6, kama unyayo, usije mguu mmoja ukazama na meza ikaenda upande katikati ya kazi. Mashine nzito iwe upande wa magurudumu. Mikono yako itakushukuru.

Uso wa meza uwe futi 4 kwa 2, wa plaiwudi ya robo tatu inchi, tabaka mbili zilizoshikanishwa kwa gundi na skrubu. Miguu na fremu ziwe za mbao za 2 kwa 4, viungo vikazwe kwa bolti, maana misumari italegea kwa kusukumwasukumwa. Mninga ni mzuri. Mikoko iko tele katika maingilio ya Ruvuma, na mtu aweza kutamani nguzo zake, lakini mahali hapo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na mikoko haikatwi bila ruhusa.

Katika kupanga mashine, kanuni ni moja: uso wa kila mashine uwe sawasawa na uso wa meza. Ubao wa futi 12 ukitoka kwenye msumeno hupata pa kulala, wala hauhitaji mtoto wa kuushika mwisho. Mashine mbili ndogo, kama jiwe la kunolea na ile ya msasa, zaweza kutumia nafasi moja. Zifunge juu na chini ya kipande cha ubao kinachozunguka juu ya bomba la chuma. Wataka hii, wapindua, wataka ile, wapindua tena, na kila mara wakaza kwa bolti mbili. Chomoa waya kwanza.

Juu ya msumeno hatutasema kwa upole. Wako mafundi wanaofunga diski ya meno kwenye grainda, kwa kuwa ni rahisi. Grainda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na msumeno wa mviringo wa mkono mara 5,000 hivi. Diski ya meno haikutengenezwa kwa mwendo ule, na ikikwama grainda humrukia mwenyewe usoni au pajani. Hata aliyeufunga msumeno wa mkono chini ya meza, kama wengi wafanyavyo, asiubakize mtupu. Nyuma ya meno lisimame bapa la chuma la kuzuia ubao usibane, na juu yake kifuniko. Ubao ukibana meno ya nyuma hurushwa kwa aliyesimama mbele, na vidole huufuata kabla hajajua.

Umeme uingie mezani kwa waya mmoja wenye swichi kubwa iliyo karibu na goti. Plagi yetu ya ampia 13 kwa volti 230 hubeba wati 3,000 hivi. Msumeno hula wati 1,200 au zaidi, na mota hutaka zaidi inapoanza, kwa hiyo usiwashe mashine mbili kubwa pamoja. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake ukunjuliwe wote, ama utaungua. Na kwa wanaofanya kazi peku juu ya mchanga wenye majimaji, swichi ya kukata umeme unapovuja ni ya lazima. Bei yake ni ndogo kuliko ya msumeno.

Vumbi nalo lina hesabu yake. La mvule huwasha macho na pua, na mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilihesabu vumbi la mbao kuwa miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Hapa ndipo magurudumu yanapolipa gharama yake: meza hutolewa nje asubuhi, mgongo kwenye upepo, na jioni hurudishwa ndani mbali na chumvi na mikono ya watu. Nyuso za chuma zipakwe nta kabla ya kufunikwa kwa turubai la pamba. Nailoni hushika unyevu, na asubuhi utakuta kutu.

Kwa ngazi za kuchumia, ambazo ni ndefu kuliko meza, tengeneza vigoda viwili virefu vilivyo sawa na meza hiyo kwa kimo. Chukua kimo hicho meza ikiwa imesimama kwa miguu yake, baada ya vile vibao vya nyayo kupigiliwa.