Fahamu: Umbali mmoja wa galaksi, vipimo viwili

Moshi wa volkano ya Nyiragongo ukitanda usiku juu ya Goma, taa za mbali hufifia. Anayekadiria umbali kwa mng'ao wake atadhani ziko mbali zaidi. Anayetazama nafasi kati ya taa na taa hatadanganyika.

Wanaastronomia hupima umbali wa galaksi kwa njia hizo mbili: kwa mng'ao wake, au kwa ukubwa unaoonekana angani. Mwaka 1933 mwanahisabati Ivor Etherington alionyesha kwamba, katika ulimwengu unaotanuka, majibu ya njia hizo hutofautiana kwa uwiano maalumu. Mawimbi ya mwanga yakirefuka mara mbili njiani, umbali wa mng'ao huwa mara 4 ya umbali wa ukubwa. Uwiano huo ukivunjika, huenda kuna vumbi linalomeza mwanga, au fizikia tunayoitegemea ina kasoro. Ni jambo zito.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki imechangia vipimo hivi. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, Kenya, ikaonyesha kuwa makundi ya galaksi hutoa eksirei kwa wingi. Eksirei hizo, pamoja na vipimo vya redio, hutoa umbali wa ukubwa. Nyota zinazolipuka hutoa umbali wa mng'ao. Hadi sasa hakuna uvunjikaji wa uwiano uliothibitishwa.