Mtungi wa Maji na Herufi X

Msafiri atokaye Mombasa akielekea Nairobi, akishaipa kisogo Mariakani na kabla hajafika Taru, hupita Samburu, mji ambao wageni aghalabu huudhania ndio ule wa wafugaji wa kaskazini, hali huu ni wa Waduruma wa Kaunti ya Kwale, katika nchi kavu ambamo mvua ikiadimika maji huwa bidhaa ya kununuliwa kwa mtungi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba bodaboda ameleta mitungi saba, ada yake ya safari ni shilingi 60, na jumla ya deni ni shilingi 200. Muulize mtoto wa Gredi ya 8 bei ya mtungi mmoja, atakujibu 20 kabla pikipiki haijazimwa; mwandikie daftarini 7x + 60 = 200, na yamkini mtoto yule yule akaduwaa.

Kinachomtaabisha si hesabu, maana hesabu keshaifanya. Ni kule kuamriwa aitendee kazi namba asiyoijua kana kwamba anaijua. Ugeni huu ni wa kale. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake alichokiandika Baghdad yapata mwaka 820 ndicho kilichotupa jina la aljebra, hakuwa na x wala alama ya kujumlisha. Aliandika kila jambo kwa maneno, akaliita lile lisilojulikana "kitu", na mraba wake akauita mali, neno lile lile tulitumialo sisi kwa ng'ombe na mashamba. Kitendo cha kuondoa 60 pande zote mbili alikiita muqabala, ambalo ni ndugu wa kukabili na mkabala wetu, na sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya mirathi, jambo ambalo mtoto wa pwani hulisikia likibishaniwa nyumbani kila afapo mzee mwenye shamba.

Sasa mintarafu ya msaada upatikanao katika simu, ambao wazazi wengi huniuliza kama unafaa, mimi huwajibu kwa kuwarejesha kwenye mitungi ile saba. Mtoto mmoja ataandika 67x = 200, kwa kuwa ameiona 7 na 60 zimekaa jirani akaziozesha, na jibu lake litakaribia 3; mwingine ataivusha 60 upande wa pili bila kuibadili alama, apate 7x = 260, na mtungi wake utauzwa shilingi 37 na senti chache. Wote wawili wamekosa, lakini maradhi yao ni mbalimbali, wala dawa ya mmoja haimponyi mwenziwe. Filamu ya somo ya dakika kumi, ijapokuwa mwalimu wake ana sauti ya kupendeza, huwaambia wote wawili maneno yale yale. Programu ya kupiga picha swali na kurudishiwa majibu huwamalizia kazi ya nyumbani na kuwaacha walivyokuwa. Na ile isemayo "si sahihi" kisha ikanyamaza, heri isingesema. Bali ile iliyotungwa na mtu aliyesahihisha madaftari mengi huyatambua makosa kwa sura zao: ikiletewa 3 huuliza, je, ada ya safari nayo hulipwa kwa kila mtungi? Ikiletewa 37 huuliza, je, ukimwondolea bodaboda ada yake, fedha zilizobaki zinaongezeka au zinapungua?

Na ndivyo Khan Academy, shule ya mtandaoni, ilivyoanza. Salman Khan, Mmarekani mwenye asili ya Bangladesh, alipoanza mwaka 2004 kumsomesha binamu yake aliyekaa mji wa mbali, hapakuwa na filamu; palikuwa na simu, ubao wa kuchorea kwenye kompyuta, na sikio la mtu lililosikia mahali binti alipojikwaa, napo palikuwa katika kubadili vipimo. Filamu zilifuata mwaka 2006, wanafunzi walipozidi, nazo ndizo zilizoizunguka dunia, ilhali sikio halikuweza kusafiri nazo. Mazoezi ya Khan Academy yatoayo vidokezo hatua kwa hatua ni jitihada ya kulirudisha.

Katika Samburu sikio hilo lina gharama ya bando na ya umeme, na simu ya kisasa aghalabu ni ya baba, naye yuko kazini Mombasa. Kwa hiyo sidharau hata kidogo kabambe, simu ndogo ya vitufe. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, huduma ya Shupavu 291 ya Eneza Education ilikuwa tayari ikipeleka mazoezi kwa ujumbe mfupi, na mtoto akiweza kumuuliza mwalimu swali kwa njia hiyo hiyo. Shule nayo yaweza kuwa na Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo ndani ya kompyuta ndogo ili simu na tabuleti zilizo karibu ziyasome bila intaneti. Haja ya misaada hii imezidi tangu Gredi ya 7 ya mtaala mpya ilipoanza Januari 2023, na zaidi tangu serikali ilipotangaza mwaka 2025 kuwa hisabati itabaki ya lazima hata sekondari ya juu.

Liko la lugha pia, nami husikitika kwamba halizungumzwi. Mtoto husema Kiduruma nyumbani, Kiswahili sokoni, na hisabati humjia kwa Kiingereza, hata mama akitaka kusaidia hupata lugha imemfungia mlango. Watanzania wamekwisha kutufanyia kazi: wana mlinganyo, ambamo mama atauona mzani wa dukani, wana kipeuo, wana namba tasa, isiyogawika ila kwa 1 na kwa nafsi yake.

Jiometri ina bahati kuliko aljebra, kwa sababu huonekana. Programu ya GeoGebra, aliyoianza Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, mwaka 2001, ikishapakuliwa katika simu hufanya kazi bila mtandao. Mtoto huishika ncha ya pembetatu kwa kidole, akaivuta atakako, na pembe tatu hubadilika zote huku jumla yake ikikaa nyuzi 180 bila kutikisika. Ila kioo ni kidogo na kidole ni kinene, kwa hiyo baada ya hapo mpeleke kwa fundi mwashi anayepima msingi, amshikie kamba: mita 3 upande huu, 4 upande ule, na mshazari ukiwa 5 basi pembe ni mraba. Kisha amuulize fundi kwa nini, nyumba ikiwa kubwa, yeye hupima 6, 8 na 10.