Ubora wa Chekechea Huonekana Siku za Kawaida

Sensa ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya wakazi wa Auckland, New Zealand, walizaliwa nje ya nchi hiyo. Chekechea moja huweza kuwa na watoto wa Kimaori, Kisamoa, Kitonga, Kihindi na Kichina, wengine wakiwa hawajui Kiingereza.

Vituo vingi huadhimisha siku ya tamaduni kwa mavazi, vyakula na ngoma. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Kesho yake, mtoto asiyeielewa lugha ya darasani anahitaji mtu wa kumbembeleza akilia na mchezo anaoumudu mbele ya wenzake.

Mtaala wa chekechea wa New Zealand, Te Whāriki, uliotolewa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2017, uliandaliwa na wataalamu wa Kimaori pamoja na wenzao wenye asili ya Ulaya. Badala ya kugawa masomo, unatazama ustawi wa mtoto, kujiona kwake kuwa ni mwenyeji, mchango wake, mawasiliano na uvumbuzi. Familia na jamii ni mmoja wa misingi yake minne.

Margaret Carr, miongoni mwa waandishi wa mtaala huo, alieneza upimaji kwa njia ya masimulizi. Mwalimu huandika alichomwona mtoto akifanya, kisha mzazi husoma na kuongeza anayoyajua. Tuseme mtoto wa Kisamoa hunyamaza wakati wa hadithi. Mama yake anaeleza kwamba nyumbani ndiye humwimbia mdogo wake wimbo. Mwalimu akijifunza wimbo ule, mtoto yule ataweza kuwaongoza wenzake kuuimba.

Kazi hiyo inataka muda, na mwenye ufunguo wa muda ni kiongozi wa kituo. Yeye ndiye hupanga zamu ili walimu wapate saa ya kusoma masimulizi hayo pamoja, watoto wakiwa salama mikononi mwa wengine. Ndiye pia humpa mwalimu anayejua lugha za familia nafasi ya kuwafundisha wenzake, hata kama ana cheo cha chini. Asipofanya hivyo, bidii ya mwalimu mmoja huondoka naye anapohama.

Mzazi anayetafuta chekechea asiishie kutazama picha za ukutani. Amuulize kiongozi: mara ya mwisho mlijifunza nini kutoka kwa mzazi, na mlibadilisha nini darasani?