Kwale wa Scotland: bunduki ni zilezile, hesabu zimebadilika

Jozi moja ya kwale wekundu waliopigwa katika milima ya Scotland au kaskazini mwa England humgharimu mpigaji, kwa kawaida, kati ya pauni 150 na 250, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Jioni hiyohiyo jozi ile ikipakiwa kwenye gari la mfanyabiashara wa nyama pori, hununuliwa kwa pauni chache tu. Anayetaka kuielewa biashara hii aanzie kwenye pengo hilo. Kundi la wapigaji wanane au tisa likikodi siku ya jozi 100 linaweza kulipa zaidi ya pauni 20,000 kabla ya kodi, na likaondoka na jozi moja moja za kitoweo.

Wanacholipia ni uhaba, na uhaba wenyewe ni wa kweli. Ndege wengine wa kuwindwa Uingereza, kama fezanti, huanguliwa kwa mashine kwa mamilioni na kuachiwa mashambani kabla ya msimu. Kwale mwekundu hafugwi kwa mtindo huo. Chakula chake kikuu ni machipukizi ya hetha, kichaka kifupi chenye maua ya zambarau kinachofunika milima ya baridi yenye udongo wa mboji. Mwenye milki anaweza kumwandalia mazingira, lakini hawezi kuagiza idadi. Mvua ya baridi ikinyesha vifaranga wakiwa wachanga, kupe wakizidi, au minyoo ikijaa matumboni mwa ndege wazima, msimu mzima hufutwa. Jambo la minyoo lilithibitishwa na uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Lord Lovat, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1911. Mmoja wa waliopasua ndege kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa daktari Edward Wilson, yule aliyefia barafuni mwaka 1912 akirudi kutoka Ncha ya Kusini pamoja na Kapteni Scott.

Msimu hufunguliwa tarehe 12 Agosti na kufungwa tarehe 10 Desemba. Desturi zinazoonekana siku hizo ni za karne ya 19. Zamani wawindaji walipanda mlima kwa miguu, mbwa wakitangulia kunusa. Kisha zikaja bunduki za marisau zinazojazwa kwa nyuma, za haraka, na reli zikamfikisha tajiri wa London milimani kwa usiku mmoja. Malkia Victoria na mumewe walikodi Balmoral mwaka 1848, wakainunua mwaka 1852, na matajiri wakafuata nyayo. Hapo ndipo ulipoenea uwindaji wa kuswaga. Msururu wa vibarua wenye bendera huvuka mlima wakipiga kelele, na kwale wanaotimka hupita kwa kasi juu ya safu ya maficho ya mawe walimojipanga wapigaji.

Rekodi za enzi hizo zinatisha. Tarehe 30 Agosti 1888 Lord Walsingham aliua kwale 1,070 peke yake kwa siku moja huko Blubberhouses, Yorkshire. Tarehe 12 Agosti 1915, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, wapigaji wanane waliangusha ndege 2,929 huko Abbeystead, Lancashire. Leo siku ya jozi 100 huhesabiwa kuwa siku njema. Hata hivyo taratibu zimebaki. Asubuhi wapigaji hupiga kura ya namba za maficho, na baada ya kila mswago kila mmoja husogea nafasi mbili ili asiwepo anayepata upande mzuri siku nzima. Wapo wanaotumia bunduki mbili mbili, na msaidizi wa kujaza nyuma yao. Bunduki mpya iliyoundwa kwa mkono na kampuni ya Purdey hupita pauni 100,000. Jioni mtunza nyika hupeana mkono na kila mgeni, na katika mkono huo hupita bahashishi.

Huyo mtunza nyika ndiye gharama ya kwanza ya milki, na ndiye anayenigusa zaidi katika habari hii yote. Analipwa mshahara, anapewa nyumba, gari na posho ya mbwa. Kazi yake ni ya mwaka mzima. Huchoma hetha kwa viraka kati ya Oktoba na Aprili, ili pawepo machipukizi mapya ya kula karibu na vichaka virefu vya kujificha. Hutega na kupiga mbweha, kunguru na vicheche. Husambaza changarawe zenye dawa ya minyoo, kwa kuwa kwale humeza changarawe ili kusaga chakula. Waswagaji hulipwa kibarua cha siku, na siku ikifutwa hawalipwi. Mtunza nyika hulipwa hata mwaka usio na ndege, lakini nyumba si yake. Akipoteza kazi, familia yake inafungasha.

Kwa hesabu ya kawaida ya mapato na matumizi, milki nyingi za kwale hazijilipi. Mwaka mzuri hufidia kidogo, mwaka mbaya hula akiba. Kwa nini basi watu wenye akili ya fedha wameendelea kuzinunua? Kwa sababu faida ilikaa kwenye bei ya ardhi. Wakadiriaji wa milki hizi wamezoea kuchukua wastani wa jozi zinazopigwa kwa mwaka, kwa kipindi cha miaka kama kumi, na kuuzidisha kwa kiasi fulani cha pauni. Kiasi cha pauni 5,000 kwa jozi kimetajwa mara nyingi. Kwa kipimo hicho, nyika ya jozi 1,000 ina thamani ya pauni milioni 5, na kila jozi inayoongezeka kwenye wastani huongeza mtaji wa mwenye mali. Hapo ndipo penye kishawishi. Ndege mmoja mlanyama anayekula vifaranga wa kwale hali chakula tu. Machoni mwa mwenye milki anatafuna mtaji.

Sheria ya Uingereza inawalinda ndege walanyama tangu mwaka 1954. Pamoja na hayo, mwaka 2017 ripoti ya serikali ya Scotland ilionyesha kwamba kati ya tai 131 waliofungwa vifaa vya satelaiti kati ya mwaka 2004 na 2016, 41 walitoweka katika mazingira ya kutia shaka, wengi wao katika maeneo ya nyika za kwale. Mwaka 2019 utafiti uliofuatilia vipanga 58 wa aina inayotaga chini, katikati ya hetha, ulihitimisha kwamba asilimia 72 waliuawa, au karibu kwa hakika waliuawa, kinyume cha sheria. Scotland ilikuwa imejaribu njia nyingine: tangu mwaka 2012 mwenye milki anaweza kushtakiwa kwa kosa la mwajiriwa wake. Lakini mlimani hakuna shahidi, na mahakama ya jinai haitoi hukumu kwa shaka.

Kwa hiyo Bunge la Scotland lilipopitisha sheria ya wanyamapori na uchomaji wa hetha mwezi Machi 2024, lilibadilisha kipimo. Sasa hakuna kuwinda kwale bila leseni ya wakala wa serikali, NatureScot. Wakala anaweza kuisimamisha au kuifuta akiridhika kwamba kosa limetendeka, bila kungoja mtu atiwe hatiani mahakamani. Mitego ya kitanzi imepigwa marufuku. Wenye milki walilalamika kwamba mtu anaweza kupoteza riziki kwa tuhuma. Hofu hiyo naielewa, maana tai aliyekufa anaweza kutupwa na yeyote. Bado naona sheria imepiga penyewe. Faini ya mahakama ilimwangukia mtunza nyika. Leseni inaigusa thamani ya ardhi, na kwa hiyo inamfikia mwenye fedha ambaye ndiye anayeweka malengo ya jozi. Mnunuzi makini sasa atataka kujua historia ya leseni kabla ya kutoa bei.

Makali yake, hata hivyo, yalipunguzwa mapema. Mpango wa awali ulikuwa leseni ifunike milki nzima. Baada ya mvutano wa kisheria, kabla hata mwaka 2024 haujaisha, wamiliki waliruhusiwa kuchora mpaka kuzunguka sehemu ya kuwindia tu. Wahifadhi waliuona mwanya papo hapo, kwa kuwa uhalifu unaofanyika nje kidogo ya mstari, katika ardhi ya mtu yuleyule, huwa mgumu kuuhusisha na leseni.

Moto nao umeingia kwenye vitabu vya sheria. Udongo wa mboji hushikilia kaboni iliyojikusanya kwa maelfu ya miaka, na ukikauka na kuungua huiachia. England iliweka masharti mwaka 2021 kwa mboji ya kina cha zaidi ya sentimita 40 katika maeneo yaliyolindwa, kisha mwaka 2025 ikapanua maeneo na kushusha kipimo hadi sentimita 30. Scotland nayo imeamua uchomaji uwe kwa leseni, ingawa utekelezaji umeahirishwa. Moto mkubwa wa Juni 2025 karibu na Carrbridge uliwapa wamiliki hoja nzito: watunza nyika wao, wenye magari ya maji na uzoefu wa miaka, walikuwa miongoni mwa waliopambana nao.

Gharama ndogondogo zinafuatana. Februari 2025 ada ya cheti kipya cha bunduki ya marisau ilipanda kutoka pauni 79.50 hadi 194. Julai mwaka huohuo serikali ilitangaza kuzuia marisau ya madini ya risasi, ambayo huwatia sumu ndege na walaji. Kampuni ya maji ya United Utilities ilisema mwaka 2023 kwamba haitahuisha mikataba ya uwindaji kwenye ardhi yake. Ombi la wananchi la kupiga marufuku uwindaji wa kuswaga lilijadiliwa bungeni London mwezi Juni 2025. Serikali ilijibu kwamba haina mpango huo.

Msomaji wa Tanzania ataona tofauti moja kubwa. Kwetu ardhi ni ya umma, kitalu cha uwindaji hukodishwa na serikali, na tangu mwaka 2019 vitalu vimekuwa vikinadiwa kielektroniki kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Serikali ina mkono kwenye bei tangu mwanzo. Uingereza, haki ya kuwinda hufuata hati ya ardhi, na imebaki hivyo karne kwa karne. Kwa leseni hii, serikali ya Scotland nayo imeketi kwenye meza hiyo.

Langholm, kusini mwa Scotland, panaonyesha kinachoweza kufuata uwindaji ukikoma. Kati ya mwaka 1992 na 1997, katika jaribio la kitafiti, vipanga waliachwa wazaliane bila kuguswa. Majike waliotaga waliongezeka kutoka 2 hadi 20, na uwindaji wa kuswaga ukasitishwa. Jaribio la pili, kuanzia mwaka 2008, halikuurudisha. Mwaka 2021 wakazi walichanga na kutafuta wafadhili, wakanunua ekari 5,200 kutoka milki ya Buccleuch kwa pauni milioni 3.8, na mwaka uliofuata wakaongeza ekari 5,300 kwa pauni milioni 2.2. Sasa wanarejesha mboji na miti ya asili, na wanataka watalii. Nawaunga mkono kwa moyo wote, lakini hesabu yao bado ngumu. Ruzuku ya kurejesha mboji hulipia greda na makandarasi kwa miaka michache. Mshahara wa mtu wa kukaa mlimani Januari hadi Desemba, na nyumba yake, hutakiwa kutafutwa upya kila ufadhili unapomalizika.